Mkate wa Wageni

Mwezi uliopita nesi wa kliniki ya sukari aliniambia nijifunze kula kwa utulivu. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayemgawia mwenzake siri nzuri. Kabla ya kula, alisema, kaa chini, kitazame chakula, kinuse, jiulize kama una njaa au ni hamu tu. Uma kidogo, weka chini, tafuna mpaka kilainike, meza, subiri. Nilimtazama yule binti, ambaye vitenge vyangu vingi vimemzidi umri, nikatamani kumpiga na daftari langu la kliniki. Hakuwa amekosea hata neno moja. Tatizo ni kwamba maneno yale yote nilishayasikia nikiwa na miaka tisa, kwa mpangilio uleule, kutoka kwa mwanamke aliyekuwa akiniita Tumbo.

Nilirudi nyumbani na hasira zangu, na kwa kuwa mimi hasira zangu huzikanda, nikachukua unga. Mnaonifahamu mnajua kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wa rika langu wanakwenda vikoba, semina, safari za kwaya. Mimi natoka jikoni kwenda sebuleni, na siku nikichangamka sana napitia uani. Basi nikaponda ndizi mbivu, nikachanganya na unga na hamira, nikaacha donge liumuke, nikalioka kwenye sufuria yenye makaa chini na makaa mengine juu ya bati. Harufu ilipoanza kupanda, ile ya ndizi inayoungua kidogo pembeni, mate yalinijaa mdomoni, na mikono yangu ikaingia yenyewe chini ya mapaja. Mwanamke mzima, mwenye nyumba yake na sufuria zake, nimekalia mikono yangu jikoni kwangu kama mshitakiwa.

Mwanamke aliyeifundisha mikono yangu tabia hiyo alikuwa Shangazi Konsolata, dada yake baba, aliyeolewa Kabanga, hatua chache kutoka mpakani. Nilipelekwa kwake kwa sababu mama alijifungua mapacha, na nyumba yetu ya Nyamigogo ikaonekana ina midomo mingi. Walipotazama huku na huku kutafuta mdomo wa kupunguza, wote wakanitazama mimi. Siwalaumu. Nilikuwa mtoto wa kula. Nilikula viazi nikiwa njiani kuvileta, nikala maharage yaliyotengwa kwa mbegu, na inasemekana, ingawa ushahidi haupo, nilikula mshumaa.

"Huyu anakula," baba alimwambia dada yake walipokuwa wanaagana, kama mtu anayekabidhi ng'ombe na kutahadharisha kwamba anapiga teke.

"Ataacha," shangazi akajibu.

Kosa la kwanza la mipango hiyo ni kwamba mtoto mroho alipelekwa kwenye nyumba inayooka mikate. Shangazi alioka mikate ya kopo: donge la ndizi linatiwa kwenye makopo matupu ya maziwa, makopo yanapangwa ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga wa moto, juu linawekwa bati lenye makaa. Ilitoka mirefu, ya mviringo, kichwa kimevimba na kuwa cha kahawia kama uyoga. Wabadilishaji fedha waliinunua, wasafiri wa mabasi waliinunua, hata maofisa wa mpaka waliinunua, na kila alasiri mlima mzima ulinukia jiko letu. Nilipofika siku ya kwanza nilidhani baba amenipeleka mbinguni, ila tu kwa njia ya Ngara.

Siku ya pili shangazi alinikalisha kwenye mkeka, akaweka sinia la mikate ya moto mbele ya magoti yangu, akaniambia nikalie mikono. Kisha akatoa rozari yake na kukaa kwenye kigoda, tukatazamana, yeye, mimi na mikate.

"Unaona nini?"

"Mkate, shangazi."

"Unasikia harufu gani?"

"Ya mkate."

"Na tumboni unasikia nini?"

"Njaa."

"Saa saba umekula mihogo. Hiyo siyo njaa, ni uroho. Kaa hapo mpaka ukutoke."

Nilikaa rozari nzima. Uroho haukunitoka. Ulikaa pembeni yangu kwenye mkeka, nao umekalia mikono. Baada ya salamu ya mwisho nilikatiwa kipande kimoja, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Nilitakiwa kuuma mara moja, kukiweka kipande chini, kutafuna mpaka mkate uwe uji, kumeza, kumtazama shangazi, na nikiona ametikisa kichwa kukubali, kuuma tena. Nikiuma kabla ya kumeza, kipande kilichukuliwa na kutupiwa kuku. Sijawahi kuona kuku wanono kama wale. Walikuwa wanajua saa ya rozari. Walijipanga mlangoni wakinitazama kwa jicho moja moja, wananiombea nishindwe, na mara nyingi walisikilizwa wao.

Niliwahi kumuuliza kwa nini. Nadhani ni swali pekee nililomuuliza mwaka ule.

"Kwa sababu mtoto anayepokea chakula ovyo kwa watu, ipo siku atawekewa kitu," alisema. "Na mtoto anayenyoosha mkono mbele ya wageni anaiambia dunia kwamba kwao hawali. Mimi sitatukanwa na tumbo lako."

Hilo la kuwekewa kitu sikulielewa hata kidogo. Kitu pekee nilichowahi kuona watu wakiwekeana kwenye chakula ni sukari. Kwa hiyo nilikaa nikijua kwamba duniani wapo watu wema wanaowatilia watoto sukari, na kwamba shangazi yangu ananizuia nisikutane nao.

Ndani ya nyumba ile tulikuwa wanne. Mume wake, ambaye wote tulimwita Baba Domina, alikuwa mtu mpole wa kuingia chumbani kwa ubavu, na sasa nikikumbuka alivyotafuna, naamini naye alipitia mkekani kabla yangu. Wa nne alikuwa binti yao, Dada Domina, aliyekwisha kuwa msichana mkubwa wa kuolewa. Yeye ndiye aliyebeba sinia la mikate kwenda kituo cha mabasi, na yeye ndiye aliyekuwa na ulimi.

"Shikamoo, Tumbo," aliniamkia kila asubuhi tukienda bombani.

"Marahaba," nikamjibu, nikafinywa.

Lakini siku nyingine, tukisubiri ndoo zijae, aliniambia mambo yake, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuambiwa. Alikuwa na mchumba. Kondakta wa basi la Biharamulo, kijana wa Nemba aitwaye Fidelis, alikuwa amenunua mkate kwake kila siku basi liliposimama, mpaka Dada Domina akamuuliza kama mikate yote anaila au anafuga nguruwe. Ndivyo walivyoanza. Sasa kwao Fidelis walikuwa wanakuja kuposa.

"Ukweli nikuambie, Tumbo?" alisema. "Hata angekuwa na jicho moja ningeenda. Unajua nimekaa kwenye mkeka ule miaka mingapi? Nataka nikae kwenye nyumba ambayo hakuna mtu anayenitazama koo."

Nilimuelewa vizuri kuliko nilivyowahi kumuelewa mtu yeyote.

Wiki mbili kabla ya wageni, shangazi alizidisha masomo. Siku moja nimetumwa chumvi kwa jirani, Mama Pili, mwanamke aliyenisalimia vizuri siku zote na kuniuliza habari za mama. Alinikuta mlangoni kwake akanipa mkate wa kopo, mzima, bado una joto. "Chukua, mwanangu," alininong'oneza. "Shangazi yako haoni." Nilichukua. Sijaufikisha hata mdomoni, yule mama akageukia ukuta wa miyaa akapaza sauti: "Konsolata! Amechukua!"

Kumbe walipanga. Mkate wenyewe ulitoka kwetu. Nilipigwa, ndiyo, lakini kipigo nimeshakisahau. Kicheko cha Mama Pili ndicho ninachoweza kuwaigia mpaka leo, na mapumziko yake. Tangu siku hiyo nilijua jambo moja: mtu mzima akikupa mkate kwa sauti tamu, yupo mwingine nyuma ya ukuta anasikiliza. Walinijaribu mara mbili nyingine, mara moja kwa mpita njia nisiyemjua kabisa. Nilikataa zote mbili. Shangazi alisema "hm," na kwa shangazi "hm" ilikuwa sherehe.

Asubuhi ya posa alinishika kidevu.

"Wewe ndiye utakayepeleka sinia, kwa sababu Domina hatakiwi kuonekana mpaka aitwe. Sasa nisikilize. Ukinyoosha mkono kwenye sinia lile, hata chembe, Domina haolewi. Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

"Mtu akikuambia ule?"

"Nakataa."

"Hata akiwa mzee?"

"Hata akiwa padri."

Dada Domina alikuwa anasuka nywele nyuma yetu. Hakunitania. Aliniambia tu, kwa sauti ndogo, "Leo tu, Tumbo. Nakuomba." Nikaona uzito wa jambo lenyewe. Ndoa ya mtu mzima ilikuwa imekalia mikono yangu.

Walifika mchana, wamechoka na vumbi la kutoka Nemba: babu yake Fidelis, mzee mrefu mwenye koti la zamani na kikohozi, mshenga wao, mtu wa maneno mengi, shangazi yake Fidelis, mama mwembamba mwenye macho ya kukagua, na vijana wawili ambao kazi yao ilikuwa kukaa. Shangazi yangu aliwasalimia, kisha akaingia chumbani na kukaa nyuma ya pazia. Ndivyo ilivyo. Mama wa binti hali mbele ya wakwe, wala hawamwoni akitafuna. Kwa watu wa kwake, mama mkwe kuonekana akifungua mdomo kwa chakula ni karibu sawa na kuonekana akioga.

Kwanza ikaja rubisi, pombe ya ndizi, ndani ya kibuyu. Na hapo nikaona jambo lililonishangaza kweli. Baba Domina alikichukua kibuyu cha wageni, akanywa yeye kwanza, mbele ya macho yao, ndipo akampa babu. Nilidhani amekuwa mwehu. Nilitazama pazia nikisubiri shangazi atoke na mwiko.

Ninyi mliokulia kwenye nyumba zenye pombe mnacheka. Mimi mama yangu ni mlokole. Kwetu hapakuwahi kuingia hata kibuyu kitupu. Sikujua kwamba mwenye nyumba huonja kwanza ili mgeni aone hakuna kilichowekwa. Sikujua kwamba hicho ndicho kile "kitu" cha shangazi, kwamba kinaua, na kwamba watu wa pande zile hukiogopa kuliko chui. Wa Kabanga husema sumu iko Nemba, wa Nemba husema iko Kabanga, na wote wakitembeleana hutazama kwanza koo la mwenyeji. Mimi nilichoona ni mzee mmoja mroho, nikamsikitikia.

Kisha nikaitwa. Nikapeleka sinia, mikate sita ya kopo, iliyokatwakatwa na kupangwa kama jua. Nikapiga magoti. Babu akachukua kipande, akakishika.

Sasa, mkate desturi haikuujua. Mtu anaonja pombe, anaonja labda maziwa. Mkate wa ndizi ni mambo ya juzi, na hakuna aliyekuwa amepanga nani auonje. Baba Domina angeweza kuchukua kipande yakaisha, ila yeye na sinia la shangazi walikuwa na historia yao. Alilitazama pazia, akatulia. Babu alisubiri. Kisha, kwa upole wa mtu asiyetaka kumwaibisha mwenyeji wake, akanigeukia mimi, maana mtoto hawezi kuficha.

"Mwanangu, unaitwa nani?"

Nilitaka kusema jina langu, likatoka la nyumba ile. "Tumbo."

Wakacheka wote, hata mama mwembamba. Ilikuwa inaenda vizuri sana.

"Basi Tumbo, tuanzie wewe," babu alisema kwa sauti tamu. "Chukua kipande, ule hapa karibu yangu."

Sauti ile tamu niliitambua palepale. Nikawaza: shangazi, umemleta mpaka babu wa watu kutoka Nemba kwa ajili ya kunijaribu! Nikaona fahari. Nikakalia mikono.

"Asante, babu. Nimeshiba."

"Kidogo tu."

"Sitaki."

Kicheko kikaisha. Mama mwembamba akainama mbele. "Hutaki kwa nini? Si mkate wa nyumbani kwenu?"

Nikalikusanya jibu langu lote, kwa sauti ya kufika mpaka nyuma ya pazia, ili wenye kusikiliza wasikie:

"Huu ni wa wageni tu. Sisi wa hapa tumekatazwa kuugusa."

Babu alikirudisha kipande kwenye sinia polepole, kama mtu anayerudisha yai chini ya kuku. Mmoja wa wale vijana, aliyekuwa ameshauma, alibaki na shavu limevimba, hajui ameze au ateme, macho yamemtoka.

"Mtoto, kula!" Baba Domina alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akipaza sauti.

"Hapana," nikamwambia. Nilijua naye yumo kwenye mpango.

Mlangoni mwa jikoni alitokea Dada Domina, ambaye hakutakiwa kuonekana. Alikuwa anatikisa kichwa, anatikisa mkono, mdomo unafunguka bila sauti. Nilisoma ishara zile kama nilivyoweza: vizuri, Tumbo, usikubali. Nikamtabasamia. Nikaibana mikono zaidi.

"Tuondoke," mama mwembamba akasema, akasimama. Mshenga alianza maneno yake, kwamba watoto ni watoto, kwamba tusiharakishe, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameshika fimbo yake tayari.

Ndipo pazia likafunguka.

Shangazi alitoka na kitenge chake kipya na uso ambao sijawahi kuuona tena kwa mtu. Hakunitazama. Alipiga magoti mbele ya sinia, akachukua kipande, akakitia mdomoni. Akachukua cha pili kabla ya kumeza. Akachukua cha tatu. Yule aliyenikalisha rozari nzima mbele ya mkate, yule aliyehesabu kutafuna kwangu, alikuwa anakula kwa mikono miwili, mashavu yamejaa, makombo yanamdondoka kifuani, anameza vipande vizima vizima mpaka shingo inapanda na kushuka. Babu alifunika macho kwa kiganja. Vijana walitazama miguu yao.

"Basi mama, tumeona," mshenga alisema. "Mama, basi. Yatosha."

Hakuacha. Alipaliwa, akapigwa mgongoni na mume wake, akanywa maji, akaendelea. Alikula sinia lote. Sidhani alikuwa anawaonyesha wao tena. Nadhani hakujua namna ya kuacha. Alipomaliza kipande cha mwisho alifuta mdomo kwa ncha ya kitenge, na machozi yalikuwa yanamtoka, ya kupaliwa au ya nini, sijui.

Mama mwembamba, ambaye bado alikuwa amesimama, alilitazama sinia tupu.

"Kwa hiyo hauna kitu," alisema. "Na sasa sisi tuliotoka Nemba tutakula nini?"

Waliondoka na basi la mchana huohuo. Baada ya siku tatu mshenga alirudi peke yake na jibu. Hawakusema habari ya sumu. Kwamba mkate haukuwa na sumu waliliamini, wangekosaje kuliamini. Walisema kwamba mama anayekula namna ile mbele ya wakwe, hawajui binti yake amefundishwa nini. Fidelis alikuwa ameambiwa na wazee wake aache njia ya Kabanga, na bosi wake akamhamishia basi lingine.

Nikiwa mkubwa nimesikia wengi wakisimulia wazee wakali wa utotoni mwao, na kila mara humalizia kwamba baadaye walikuja kuelewa, kumbe mzee aliwapenda sana. Nimejaribu. Nimekaa na hilo jambo, mimi ambaye nina muda mwingi wa kukaa, nimeligeuza huku na huku. Hapana. Hakunipenda. Alikuwa mwanamke aliyeogopa macho ya watu kuliko njaa, na mimi nilikuwa tundu la watu kuchungulia. Nami sikumpenda. Tulikuwa sawasawa.

Baada ya posa ile shangazi hakunipiga. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Hakunisemesha, hakuniita hata Tumbo. Aliyenikamata ni Dada Domina, nyuma ya choo, akanibana ukutani kwa mkono mmoja.

"Nani alikufundisha useme vile?"

"Shangazi."

"Alikuambia useme ni wa wageni tu?"

"Alisema nikinyoosha mkono, huolewi."

Nilisubiri kofi. Akaniachia, akaingia ndani, na nikamsikia akimwambia mama yake maneno ambayo nyumba ile haikuwahi kuyasikia. "Mama, mtoto amefanya ulichomfundisha. Amefanya vizuri mno. Wote tumefanya vizuri mno." Nilisikia kigoda kikisogezwa, na baada ya muda, rozari.

Iliamuliwa nirudishwe kwetu, na Dada Domina anisindikize kisha arudi kesho yake. Nilipofungasha vitu vyangu, vilivyokuwa vichache vya kutia huruma, nikamwona anaongeza kwenye mfuko wangu gauni lake la kijani, kisha sketi, kisha viatu vyake vya kanisani. Moyo ulinijaa. Nilidhani amenisamehe, na kwamba hizo ni zawadi za kunikuza nazo. Njia nzima kwenye basi nilikumbatia ule mfuko, nikipanga gauni nitalipunguza wapi, nikimtazama kwa jicho la shukrani, na yeye akitazama dirishani kama mtu anayehesabu vilima.

Nyamigogo mama alitupokea na mapacha mgongoni na kifuani. Dada Domina alikunywa maji, akasalimia vizuri, akauliza njia. Kisha akaufungua mfuko wangu palepale kwenye kibaraza, akatoa gauni, sketi na viatu, akavifunga kwenye khanga.

"Hivyo ni vyangu," nikalia.

"Vyako kwa lipi?" akasema, na kwa mara ya kwanza tangu posa akacheka, kidogo, bila utamu. "Nilikosa mfuko mwingine ambao mama hataupekua. Kaa salama, Tumbo."

Hakurudi Kabanga kesho yake, wala baada ya hapo. Alikwenda Nemba. Yuko huko mpaka leo na Fidelis na watoto wanne, na shangazi hajawahi kukanyaga kwao. Kila nikikutana na shangazi kwenye msiba wa ukoo ananisalimia kwa ncha za vidole na kunitazama kiuno. Habari za jioni aliyofika Nemba Dada Domina alinisimulia mwenyewe, mwaka niliokwenda kumsaidia kulima.

Alifika kwao Fidelis jua linapungua, hakuna aliyemwalika, miguu imejaa vumbi. Mama mwembamba alimkuta uani akaingia ndani bila kuitikia salamu. Fidelis hakuwepo. Ni babu aliyemwambia akae, kwa sababu mgeni ni mgeni, akaagiza aletewe chakula. Kikaja ugali na maharage, vikawekwa katikati yao, na nyumba nzima ikajipanga mlangoni kutazama. Babu alinyoosha mkono amege kidogo, aonje yeye kwanza, kama inavyopasa mwenye nyumba.

Dada Domina aliivuta sahani upande wake. Alikula tonge baada ya tonge, haraka, bila kuinua kichwa, mpaka akaifuta sahani kwa kidole. Ndipo akamsogezea babu ile sahani tupu.

"Kama sumu ipo, babu," alisema, "nimeshaimeza."